Kinachopakwa Mdomoni Huliwa

Ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kufika, na nafurahi zaidi kuona daftari na kalamu mikononi mwa wengi wenu, kwa kuwa kazi nitakayoieleza ni kazi ya gramu na nyuzi za joto, na mtu akitegemea kumbukumbu peke yake atajikuta wiki ijayo anauliza upya yale yale. Nimekuja kuzungumza juu ya kutengeneza rangi ya midomo nyumbani kwa viungo vya asili, jambo ninalolifanya kwa mikono yangu na kulifundisha, na ambalo nalipenda kiasi cha kutotaka lifanywe vibaya.

Katika vipodozi vyote tunavyojipaka, rangi ya midomo ndiyo tunayoila. Poda hubaki usoni mpaka ioshwe, wanja hubaki machoni, rangi ya kucha hubaki kuchani. Lakini ile ya midomo huondoka kidogo kidogo kwa kila funda la maji, kwa kila tonge, na kila tunapolamba midomo bila kujijua, na sehemu ya kinachoondoka huishia tumboni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliochapisha mwaka 2013 uchunguzi wao wa rangi za midomo 32, walikadiria kwamba mtumiaji wa kawaida hujipaka takriban miligramu 24 kwa siku, na anayejipaka mara nyingi hufikia miligramu 87. Ukizidisha hizo 87 kwa siku za mwaka mzima unapata karibu gramu 32, ilhali kijiti kimoja cha dukani huwa na gramu 3 hadi 4 tu.

Sisemi hayo kuwatia hofu. Nasema kwa sababu wengi wanaonijia hutanguliza swali moja, nalo ni kama kiungo fulani ni cha asili au si cha asili. Kwa maoni yangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama kiungo hicho kinafaa kumezwa kidogo kidogo, kila siku, kwa miaka. Chukueni mfano wa mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo. Mbegu yake ina risini, sumu iliyo miongoni mwa sumu kali kabisa zinazotokana na mimea, na mbegu hiyo hiyo ndiyo inayotupatia mafuta ya nyonyo, ambayo ni kiungo kikuu cha rangi nyingi za midomo duniani. Risini ni protini. Haiyeyuki katika mafuta, kwa hiyo hubaki kwenye mashudu, na kile kidogo kinachoponyoka huharibiwa na joto wakati mafuta yanaposafishwa. Mafuta yaliyosafishwa ni salama, mbegu si salama, na vyote viwili vimetoka kwenye mti mmoja. Ndiyo maana humkataza kila ninayemfundisha asijikamulie mafuta ya nyonyo nyumbani, hata kama ana mbarika uani kwake. Anunue yaliyosafishwa.

Mdomo wenyewe nao una tabia zake. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya shavu, haina tezi za jasho, na tezi za mafuta karibu hazipo, kwa hiyo haiwezi kujilainisha yenyewe na hukauka upesi. Wekundu tunaouona ni wa damu ipitayo katika mishipa midogo iliyo karibu na uso wa ngozi, na kwa mwenye melanini nyingi, yaani ile rangi ya asili inayotia ngozi weusi, wekundu huo huchanganyika na kahawia au zambarau. Kwa sababu hiyo rangi inayoonekana mtu akishajipaka ni jumla ya rangi ya kijiti na rangi ya mdomo wake, na kijiti kilichompendeza rafiki yako kinaweza kukutoka wewe kwa namna nyingine kabisa. Kujipima nyuma ya kiganja hakutoshi. Rangi ya midomo hupimwa mdomoni.

Sasa niwaeleze nilivyoanza, maana nadhani wengi wenu mmeanzia hapo au mnakusudia kuanzia hapo. Nilianza na bitiruti. Nilizikwangua, nikakamua maji yake, nikayachemsha taratibu hadi yakawa mazito kama asali, kisha nikayamimina katika nta ya nyuki na mafuta ya nazi yaliyokuwa yameyeyuka. Wekundu ule haukuenea. Uligeuka vitone vidogo vya duara, kama shanga, vikabingirika hadi chini ya bakuli na kukaa hapo. Nikakoroga kwa nguvu mpaka mchanganyiko ukaonekana una waridi la kupendeza, nikaumimina haraka kwenye kikopo, nikalala nikiamini nimefaulu. Asubuhi nilipoukata kwa kisu, juu ulikuwa mweupe wa nta, na chini kulikuwa na unyevunyevu mwekundu uliojitenga. Baada ya siku chache, mahali penye unyevunyevu pakaota ukungu.

Nilijilaumu kwamba sikukoroga vya kutosha, na ilinichukua muda kuelewa kwamba hata ningekoroga usiku kucha, matokeo yangekuwa yale yale. Rangi ya bitiruti inaitwa betanini, na betanini huyeyuka katika maji tu. Maji na mafuta hayachanganyiki mpaka pawepo kitu cha kuyaunganisha, na nta haiwezi kazi hiyo peke yake. Zaidi ya hapo, betanini haistahimili joto. Ukiichemsha sana huanza kugeuka kahawia. Wapo wanaodhani suluhisho ni kukausha bitiruti na kuisaga. Nimejaribu hilo pia. Unga ule hauyeyuki ndani ya mafuta, hubaki kama mchanga laini usio na rangi ya kuonekana, na unapokutana na mate mdomoni ndipo huachia wekundu wake, kwa mabaka. Maua ya rosela, zabibu, na juisi zote nyekundu za matunda zina kasoro ya aina hiyo. Mwenye kutaka kutumia bitiruti aipake mbichi, mdomoni moja kwa moja, kwa siku ile ile, na ataona wekundu mwepesi wa kupendeza. Ila asiiweke ndani ya kijiti.

Kutokana na kosa lile nilifahamu rangi ya midomo ni kitu gani. Ni unga wa rangi uliotawanywa ndani ya mafuta, na mafuta hayo yakashikwa na nta yasitiririke. Hakuna tone la maji ndani yake, na hiyo ndiyo salama yake, kwa sababu bakteria na ukungu haviwezi kuzaana pasipo maji. Kijiti kisicho na maji hakihitaji kihifadhi cha kuua vijidudu. Ukiingiza maji, hata ya waridi, hata kijiko kimoja cha jeli ya mshubiri, au asali, ambayo nayo haishikani na mafuta na hujitenga chini, umebadilisha kila kitu, na utahitaji ujuzi wa aina nyingine ambao leo sitaugusa.

Basi tutapata wapi rangi? Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo makosa mengi yanapofanyika.

Rangi ninayoitegemea kuliko zote ni oksidi ya chuma. Kwa asili ndiyo ile iliyo katika udongo mwekundu ambao binadamu wamejipaka tangu kale, na hupatikana katika nyekundu, njano na nyeusi. Ukizichanganya hizo tatu kwa viwango mbalimbali unapata kahawia, matofali, damu ya mzee na vivuli vingi visivyo na jina. Haififii kwa jua, haiharibiki kwa joto la jikoni, na haiyeyuki katika maji wala mafuta, hivyo haitoi madoa kwenye meno. Lakini msiende kuchimba udongo. Udongo wa ardhini hubeba pamoja na chuma madini mengine, yakiwemo risasi na arseniki, na hakuna namna ya kuyaona kwa macho wala kuyaondoa kwa kuosha. Oksidi zinazoruhusiwa katika vipodozi vya Marekani, kwa mfano, ni zile zilizotengenezwa kiwandani, kwa sababu humo ndimo usafi wake unapoweza kudhibitiwa. Najua hapa baadhi yenu mnakunja uso, kwa kuwa mlikuja kutafuta asili mkasikia kiwanda. Nilikunja uso vilevile zamani. Ila nikikumbuka kwamba kitu hiki kitamezwa, nachagua kilichopimwa.

Suala la risasi si la kubuni. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipopima rangi za midomo 400 zilizokuwa zikiuzwa, wastani wa risasi ulikuwa sehemu 1.11 kwa kila milioni, na kiwango cha juu kabisa kilikuwa 7.19, Desemba 2016 mamlaka hiyo ikapendekeza kiwango kisizidi 10. Risasi hiyo haiwekwi kwa makusudi, huingia kama uchafu, hasa kupitia rangi za madini. Anayetengeneza nyumbani hana maabara, kwa hiyo kinga yake iko kwenye ununuzi: unga uwe umeandikwa wazi kwamba unafaa kwa vipodozi vya midomo. Ulioandikwa kwamba ni wa sabuni, wa mishumaa, wa saruji au wa michoro haufai, hata kama kwa macho unafanana na huu kama pacha.

Miongoni mwa rangi za mimea, ninayoiheshimu ni zingefuri. Mzingefuri ni mti wenye maganda ya miiba laini na mbegu zilizofunikwa utando mwekundu, na katika utando huo mna biksini, rangi inayokubali mafuta. Ukiloweka mbegu katika mafuta yenye uvuguvugu kwa saa kadhaa kisha ukachuja kwa kitambaa safi, unapata mafuta ya rangi ya chungwa iliyokoza. Nachukua nafasi hii kutaja jambo moja kuhusu neno lenyewe. Zingefuri limetokana na jina la Kiarabu na Kiajemi la jiwe jekundu la zebaki, ambalo watu wa kale walilisaga kupata rangi. Jina likahamia kwenye mti kwa kuwa wekundu unafanana. Jiwe lile ni la asili, na zebaki iliyomo humo ni sumu. Mti ni wa asili, na mbegu zake hutumika hata kutia rangi katika vyakula. Jina ni moja, na asili haikusaidia kitu kuvitofautisha.

Zingefuri peke yake haikupi nyekundu ya kweli. Hukupa chungwa, na ikikaa penye mwanga hufifia. Mimi huitumia kuuchangamsha wekundu wa oksidi ya chuma, ambao ukiwa peke yake huelekea ukahawia. Unga wa kakao hutoa kahawia nyepesi, lakini lazima usagwe upya ukawa laini kabisa. Manjano, ile bizari ya jikoni, hukubali mafuta, ila hupauka upesi kwa mwanga na huchafua meno. Mizizi ya alkaneti, inayosifiwa sana kwa zambarau yake, ina kemikali za jamii inayodhuru ini, na kwa kuwa ni ya kumeza nimeiacha.

Wekundu mkali, ule unaong'aa, kwa asili hupatikana kwenye karmini, inayotokana na mdudu mdogo anayeishi juu ya mpungate. Ni rangi nzuri sana, imara, na wapo wasioitaka kwa sababu za imani au kwa kutokula kitu cha mnyama; wapo pia ambao huwaletea mzio mkali, na ndiyo maana tangu mwaka 2011 Marekani imelazimisha itajwe kwa jina katika lebo za vyakula na vipodozi. Anayeitumia akampa mwenzake bila kumweleza amemkosea.

Nipite haraka kwenye vitu ambavyo sitaki kuviona kabisa ndani ya bakuli lenu. Kalamu za nta za watoto, ambazo watu huziyeyusha na kuzipaka, hazikutengenezwa wala kupimwa kwa ajili ya midomo. Kwamba mtoto akiing'ata moja kwa bahati mbaya hapati madhara ni jambo tofauti na mtu mzima kuila kila siku. Vimetameta vya kupambia kadi ni vipande vya plastiki. Rangi za chakula za majimaji ni maji, na mmeshasikia habari ya maji. Kama mnataka mng'ao, tumieni ulanga, yale madini yanayometameta, uliosagwa kwa ajili ya vipodozi vya midomo.

Sasa tuingie kwenye mwili wa kijiti. Nta ya nyuki ndiyo uti wa mgongo wake. Huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64 za Selsiasi na hushika mafuta vizuri, ila ikizidi kijiti hukokota ngozi. Kwa wasiotumia kitu cha nyuki ipo nta ya kandelila, inayotokana na kichaka cha majangwa ya kaskazini mwa Meksiko, ambayo ni ngumu zaidi, hivyo huwekwa pungufu. Ipo pia nta ya karnauba, inayopatikana kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi uotao kaskazini mashariki mwa Brazili. Huyeyuka nyuzi 82 hadi 86, na kidogo tu hukifanya kijiti kisimame imara siku ya joto. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na joto la mwili, na ndiyo sababu kijiti kilicho nayo huwa kigumu mkononi kikalainika mara kinapogusa mdomo. Siagi ya shea hulainisha zaidi.

Mafuta ya nyonyo nimeyataja mara kadhaa, na yanastahili. Takriban asilimia 90 ya asidi zake za mafuta ni asidi ya risinoleiki, ambayo umbo lake huyafanya yawe mazito, yang'ae, na yashike unga wa rangi kuliko mafuta mengine ninayoyajua. Mafuta ya zeituni au ya alizeti yanaweza kutumika, lakini unga ndani yake hushuka chini upesi, na kijiti hutoka kikiwa na rangi nyingi upande mmoja. Mafuta ya lozi na ya karanga msiyatumie kabla hamjajua kama mtumiaji ana mzio.

Kwa gramu 20, ambazo hujaza vikasha vinne vya kusokota, mimi hupima nta ya nyuki gramu 4, karnauba gramu 1, siagi ya kakao au shea gramu 4, mafuta ya nyonyo gramu 8, mafuta ya jojoba gramu 1 na unga wa rangi gramu 2. Asiye na karnauba aongeze nta ya nyuki iwe gramu 5, na akubali kijiti laini kidogo. Mizani iwe inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Vijiko havifai hapa, kwa sababu kijiko cha oksidi ya chuma na kijiko cha ulanga vina uzito unaotofautiana sana, na anayepima kwa kijiko hatapata rangi ile ile mara mbili maishani mwake.

Kazi huanza kwa usafi. Oshani vyombo kwa sabuni, vikaushwe kabisa, kisha mvipanguse kwa alkoholi ya asilimia 70, ambayo huua vijidudu vizuri kuliko iliyo karibu kuwa tupu, kwa kuwa maji yaliyomo huisaidia kupenya na kuziharibu protini zao. Acheni ikauke. Vaeni barakoa mnapopima unga, maana ni laini mno na haufai kuvutwa mapafuni.

Kisha huja sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo wanaoanza huiruka. Unga wa rangi hauwekwi moja kwa moja kwenye nta. Weka gramu 2 za unga juu ya kipande cha kioo au sahani bapa, chimba kishimo katikati kama unayekanda, mimina kiasi cha gramu 4 za yale mafuta ya nyonyo, kisha sukuma na kuvuta kwa ubapa wa kisu butu. Mwanzoni utaona uji mzito wenye nukta nyekundu zilizokoza. Hizo ni chembe zilizong'ang'aniana, na ndani yake unga bado ni mkavu. Endelea. Baada ya dakika 10 uji huanza kubadilika: hulegea, hung'aa, na rangi yake hukoza bila wewe kuongeza kitu, kwa kuwa kila chembe imepata mafuta yake. Vuta ukanda mwembamba juu ya kioo, uinue kwenye mwanga na uangalie kwa chini. Ikiwa bado unaona nukta, rudi kazini. Kijiti kinachoacha michirizi iliyokoza mdomoni ni kijiti ambacho mtengenezaji wake alichoka mapema hapa.

Nta na siagi huyeyushwa katika bakuli lililowekwa ndani ya sufuria yenye maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, na jiko lisiachwe peke yake. Nta ikishika moto haizimwi kwa maji. Hufunikwa kwa mfuniko na jiko likazimwa. Anza na karnauba pamoja na nta ya nyuki, fuatisha mafuta yaliyobaki, halafu siagi, na mwisho uji wa rangi. Koroga taratibu, kwa kuwa kukoroga kwa kasi huingiza hewa, na hewa hugeuka vitundu kwenye kijiti. Bakuli likishatolewa kwenye maji, weka matone mawili au matatu ya vitamini E. Hiyo huchelewesha mafuta kuchacha. Haiui vijidudu, na anayeiita kihifadhi anawapotosha watu.

Kabla ya kumimina, dondosha tone juu ya kijiko kilichokaa kwenye friji, lisubiri ligande, kisha lipake mdomoni. Kosa lolote likionekana sasa hurekebishika kwa dakika mbili. Likiwa gumu, ongeza mafuta ya nyonyo nusu gramu. Likiwa laini, nta nusu gramu. Ikiwa rangi ni hafifu, rudi kwenye kioo na utengeneze uji mwingine. Wenye midomo myeusi wengi hupata kwamba asilimia 10 ya unga haitoshi, na wanaweza kufika 12 au 15. Wajihadhari na unga mweupe wa titani, ambao maelekezo mengi huuweka ili rangi ifunike. Juu ya mdomo mweusi huacha mwonekano wa majivu. Oksidi nyeusi, kiasi cha kushikika kwa ncha ya kisu, hukoza rangi bila kuleta mwonekano huo.

Mimina mchanganyiko ukiwa karibu nyuzi 70 hadi 75, katika vikasha vilivyopashwa joto kidogo, kwa mmimino mmoja usiokatika. Nta husinyaa ikigandika, kwa hiyo acha kidogo bakulini cha kujazia shimo litakalotokea juu. Baada ya hapo viwekwe kwenye friji kwa dakika 15 hadi 20. Hilo la friji si la haraka tu. Siagi ya shea ikipoa polepole, sehemu zake ngumu hugandika kwanza peke yake, na kesho yake unakuta punje kama za semolina. Ikitokea, usitupe, yeyusha upya mpaka kila punje iishe, kisha upoze upesi. Kijiti kinachotoa vitone vya mafuta juu yake, kama kinatoka jasho, kwa kawaida kimepita kwenye joto na baridi mara nyingi, au mafuta yamezidi nta.

Nimeulizwa kuhusu harufu. Ushauri wangu ni kuacha harufu ya nta na kakao itoshe. Mafuta ya mdalasini huwasha na kuvimbisha midomo ya watu wengi, na mafuta ya limau au ndimu yaliyokamuliwa bila joto yanaweza kuiunguza ngozi ikipigwa na jua. Na kwa kuwa tumetaja jua, naomba pasiwepo mtu wa kutengeneza kijiti nyumbani akakitangaza kwamba kinakinga miale, hata akitia oksidi ya zinki. Kinga hiyo hupimwa maabara, na inategemea unga ulivyotawanyika, jambo ambalo kisu na kioo havithibitishi.

Kila kikasha kiandikwe tarehe na viungo vyote, kikae mahali pakavu pasipo jua, na kitumike ndani ya miezi 6 hadi 12. Kikianza kunuka kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa, kimechacha na hakina dawa. Kijiti kilichogusa mdomo wa mtu mmoja kisipakwe na mwingine, kwani virusi vya malengelenge ya midomo vinaweza kuhama kwa njia hiyo. Ukitaka kumpa mwenzako, mpe kipya, na umsomee viungo.

Na kabla ya wewe mwenyewe kujipaka kwa mara ya kwanza, paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko na usubiri siku mbili. Wakati unasubiri, fungua daftari, chora mstari mmoja wa kijiti hicho juu ya karatasi nyeupe, na kando yake andika gramu ulizopima, oksidi gani na kiasi gani, na dakika ulizosaga. Daftari langu sasa lina mistari mingi ya namna hiyo, na ule wa kwanza, wa bitiruti, haukuacha rangi yoyote isipokuwa doa la mafuta ambalo bado linaonekana upande wa pili wa karatasi.